Zebaki Jikoni kwa Bi Van Nest

Tansy Hill, New Jersey
Jumamosi, 9 Oktoba 1880

Keturah mwanangu,

Nikisema sijambo nitakuwa najipunja. Soma barua hii ukiwa umekaa, tena uisome kwa sauti, mumeo Amzi asikie na wakwe zako wote wasikie, ili wajue wameoa kwa watu wa aina gani.

Umeniuliza ninafanya nini hasa huku kwa Bwana Threlkeld. Magazeti yamejaa jina lake: Threlkeld mvumbuzi, Threlkeld atakayezima taa za mafuta dunia nzima kwa taa yake ya umeme. Sawa. Lakini muulize mwandishi yeyote wa gazeti, kioo cha taa hiyo kakipuliza nani? Nimekipuliza mimi, Phineas Loper, kaka wa marehemu mama yako, niliyeingia shule kwa mlango na kutoka kwa dirisha miezi minane baadaye.

Kazi yangu ni kutengeneza utupu. Usicheke. Ndani ya kila globu, lile tufe la kioo la taa, tunatia uzi mwembamba uliochomwa ukawa makaa. Umeme ukipita, uzi unawaka. Lakini hewa ikiwamo, unaungua na kukatika kabla hujasema amina. Basi hewa lazima itoke. Inatokaje? Nina mrija mrefu wa kioo, nateremsha zebaki ndani yake tone kwa tone, na kila tone linashuka limeburura kipande cha hewa kutoka kwenye globu. Kwa muda wa saa tano, sita, mpaka mle ndani hamna kitu. Hapo naiziba shingo yake kwa moto, chap, mara moja tu. Ukitikisika, umepoteza kazi ya siku nzima. Mimi sitikisiki. Bwana Mkubwa Threlkeld mwenyewe kasema, "Loper, una mikono ya mnara wa kanisa."

Yeye huyo ni mtu wa ajabu. Alikuwa mtengeneza saa kijijini kwao, akafukuzwa kwa kuwa kila saa aliyoletewa aliirudisha ikiwa kitu kingine. Hakai. Kaondoa viti vyote kiwandani ili na sisi tusikae. Kwa ajili ya ule uzi keshachoma pamba, mbao za mpichi, kamba ya kuvulia samaki na majani ya kofia ya mkewe ya Jumapili, ambayo mkewe bado anaitafuta. Kamba ya kiatu nayo ilichomwa; hilo lilikuwa wazo langu.

Sasa nikupe siri ambayo hata Gottlob hana. Gottlob ni yule Mjerumani mpuliza kioo mwenzangu, mapafu anayo lakini akili ameiacha melini. Siri ni zebaki kavu. Ikiwa na unyevu hata wa pumzi ya panya, utupu unaharibika. Kwa hiyo naibeba nyumbani, naimimina kwenye kikaango juu ya jiko la Bi Van Nest mwenye nyumba wangu, nafunga madirisha yote unyevu usiingie, kisha naketi pale pale naota moto huku ikikauka. Globu zangu zinawaka siku nyingi kuliko za mtu yeyote.

Tarehe 21 Desemba watu watakuja kwa treni maalumu kuona globu mia moja zikiwaka kwa pamoja. Ya mia nitaiziba mimi, mbele ya watu wote, Bwana keshaniahidi. Umeme umeniingia mikononi, Keturah. Siku nyingine vidole vinacheza vyenyewe!

Mjomba wako,
Phineas Loper
Mkuu wa Utupu


Orange, New Jersey
Alhamisi, 14 Oktoba 1880

Mjomba shikamoo,

Nilifanya ulivyoagiza. Nimesoma kwa sauti, jikoni, wakwe wote wamekaa. Laiti ningeisoma kwanza mwenyewe.

Nilipofika kwenye "kazi yangu ni kutengeneza utupu", mama mkwe akaweka chini kisu cha tufaha akasema, "Utupu? Mtu mzima?" Nikaeleza. Akakubali, shingo upande. Amzi akauliza kama mnauza utupu kwa ratili au kwa mita. Tukacheka. Kisha nikasoma kwamba umeme umekuingia mikononi na vidole vinacheza vyenyewe.

"Loo!" akasema mama mkwe. "Anaandika bila haya."

Mjomba, umesahau uko Jersey? Huku "umeme" ni pombe ya tufaha. Mtu akisema leo nina umeme, wanamtafutia kitanda. Mama mkwe anasema tangu azaliwe hajasikia umeme mwingine unaomwingia mwanamume mikononi. Jumatano kwenye ibada kanisani kila aliyenipa mkono aliubana kwa huruma.

Nimekutetea. Nimewaambia ulimwekea mama yangu nadhiri kitandani mwake alipokuwa anakufa, kwamba hutaonja tena, na kwamba miaka kumi na moja uliyonilea sikukuona na hata kijiko. Lakini sasa nakuuliza sisi wawili tu: je, umerudia? Maana barua yako inaanza kwa herufi zilizosimama kama askari, na ikifika mwisho, pale kwenye habari za Desemba, zinayumba kama zimetoka kwa mwenye duka la umeme. Mimi ndiye niliyejifunza herufi kwa kutazama mkono wako. Naujua.

Kama umerudia, njoo nyumbani. Hakuna atakayekusema. Mama mkwe atakusema, lakini yeye anamsema hata mchungaji.

Mpwa wako,
Keturah Condit


Tansy Hill
Jumatano, 20 Oktoba 1880

Keturah,

Mwambie mama mkwe wako kwamba umeme ninaousema mimi hauuzwi kwenye chupa, na laiti ungeuzwa, yeye angekuwa anawaka kutoka kichwani hadi miguuni.

Sijaonja. Nimeweka nadhiri kwa Achsah mama yako na nadhiri ipo. Umeniumiza. Nilikulisha uji, nikakusuka nywele kwa vidole hivi hivi vya kupuliza kioo mpaka majirani wakaja kuuliza nani anamsuka mtoto yule. Leo unaniuliza chupa.

Kuhusu mwandiko: kalamu ya Bi Van Nest imepinda. Na wino wa huku ni maji. Na meza ina mguu mfupi. Hayo ni matatu, chagua lolote.

Niko vizuri kupita kiasi. Juzi nilipuliza globu nyembamba mno hata ikaniponyoka ikapaa ikaganda darini, ikabidi Gottlob apande ngazi kuipepea ishuke kwa kofia. Jumatatu niling'ata mrija wa kioo kuukata na jino likatoka, la mbele. Halikuuma hata kidogo! Likatoka kama njugu. La pili linafuata. Hivyo ndivyo nilivyo na nguvu ya taya.

Usingizi ndio umenikimbia. Lakini kuna nani anayelala hapa? Bwana Mkubwa anazunguka chumba kizima akiuliza, "Kwa nini isiwe? Kwa nini isiwe?" na ukimjibu anakasirika, ukinyamaza anakasirika. Jana kamkaripia Gottlob, Gottlob kanikaripia mimi, mimi nimeikaripia zebaki. Tuna globu thelathini na nane nzima. Siku zilizobaki ni sitini na mbili. Hesabu hiyo naifanya nikitembea, kutoka dukani mpaka darajani na kurudi, kwa kuwa nikikaa miguu inaruka.

Maua ya dirishani ya Bi Van Nest yamekufa yote. Ananilaumu mimi na moshi wa tumbako. Wanawake.

Mjomba wako,
P. Loper


Tansy Hill
Jumatatu, 8 Novemba 1880

Kwa mpwa wangu Keturah,

Barua hii nasema mimi na anaandika Bi Van Nest, si kwa sababu siwezi kuandika, bali kwa sababu mtu mwenye shughuli kama zangu hupaswa kuwa na karani. (Hawezi kuandika. Jana alivunja kalamu mbili akalia. Namwandikia kwa mwandiko wa kuunganisha, ambao hawezi kuusoma, kwa hiyo nitakuambia ukweli ndani ya mabano kama haya. Hendrika Van Nest.)

Afya yangu ni nzuri mno. Nakula kama farasi. (Anakula supu tu. Meno matatu yamekwenda na ufizi umekuwa wa buluu.)

Bwana Mkubwa amezidi kunitegemea. Hafanyi jambo bila kuniuliza. (Hajui. Mjomba wako anangoja wote watoke ndipo azibe globu, peke yake, mgongo ameuweka mlangoni. Akiwa peke yake anaweza. Mtu akiingia, mikono inaanza. Juzi nilimletea chakula cha mchana, akavunja globu mkononi kwa kuwa nilimwangalia tu.)

Globu ziko hamsini na tisa na nyingi ni zangu. (Hiyo ni kweli.)

Tabia yangu imekuwa ya upole kuliko zamani. (Amemtupia Gottlob kiatu. Kisha akaenda kumwomba radhi, kisha akamtupia cha pili.)

Mwambie mama mkwe wako sinywi. (Binti, hilo pia ni kweli. Marehemu mume wangu alikuwa mnywaji, nina pua ya kazi hiyo. Hakuna chupa nyumbani humu isipokuwa zebaki. Paka wangu amekufa Ijumaa, na alikuwa analala karibu na lile jiko. Mimi mwenyewe nimeanza kuumwa kichwa. Sijui ni nini. Kama wewe unajua, andika upesi.)

Ni mimi,
Phineas Loper, kwa mkono wa karani wake


Orange
Ijumaa, 12 Novemba 1880

Mjomba shikamoo. Na Bi Van Nest, utakayemsomea, nakushukuru. Usiruke neno hata moja.

Barua zako tatu nilizitandaza mezani. Baba mkwe akaja. Unajua hajui kusoma, lakini aliinama akaangalia, muda mrefu. Huyu mzee Jotham ametengeneza kofia miaka thelathini na mmoja, hapa Orange kila mwanamume ametengeneza kofia. Akaniuliza, "Hapa mwanzo ameandika nini?" Nikamwambia, salamu. "Na hapa inapoanza kuyumba?" Nikamwambia, hapo anataja Desemba, atakavyoziba globu watu wakitazama.

Akasema, "Basi si chupa hiyo. Mlevi hutetemeka asubuhi, akinywa anatulia. Sisi hutetemeka tukitazamwa. Hata tukifikiria kutazamwa."

Kisha akauliza, "Meno?" Nikasema matatu. "Hasira, halafu aibu?" Nikasema viatu viwili. Akacheka kidogo, akakaa chini.

Mjomba, huku tunaita mtetemo, na mtaa mzima unao. Wengi wanasema ni mvuke, wengine wanasema ni pombe, maana watu wanapenda kusema pombe. Lakini manyoya ya sungura hayashikani yakawa kofia mpaka yaoshwe kwa maji yenye zebaki, halafu yanakaushwa kwa moto, chumba kimefungwa baridi isiingie. Nilipomsomea habari ya kikaango chako, baba mkwe akafunika uso. Akasema, "Sisi tulikuwa tunaivuta iliyochanganywa na maji. Yeye anaikaanga."

Kitoe kikaango nje. Fungua madirisha. Acha mrija. Njoo huku. Baba mkwe anasema anayeacha mapema, mikono hurudi, si yote, lakini kiasi cha kufunga vifungo vya koti. Yeye hakuacha mapema. Asubuhi anakunywa kahawa kwa taulo: analizungusha shingoni, ncha moja anaifunga kwenye mkono wenye kikombe, ncha nyingine anaivuta taratibu mpaka kikombe kifike mdomoni. Nimemtazama miaka miwili nikidhani ni mazoea ya kizee.

Sitaki kukutazama wewe hivyo.

Keturah


Tansy Hill
19 Novemba

KETURAH

NAANDIKA MWENYEWE. HAKUNA KARANI. NIMEGUNDUA MABANO YAKE.

MIMI SI MTENGENEZA KOFIA. SIVAI HATA KOFIA. ZEBAKI NIMEISHIKA KIGANJANI IKAVIRINGIKA IKAONDOKA KAVU BILA KUACHA ALAMA. KITU KISICHOACHA ALAMA KINAMLAJE MTU?

BWANA THRELKELD ANA AKILI KULIKO ORANGE NZIMA NA HAJASEMA KITU.

SASA SIKILIZA. USIMWANDIKIE. NAKUJUA WEWE, UTATAKA KUMWANDIKIA. AKIJUA MIKONO INACHEZA, MOTO WA KUZIBIA ATAMPA GOTTLOB SIKU HIYO HIYO. MIMI NINA MIAKA HAMSINI NA MOJA. SIKUSOMA. SINA MKE. SINA SHAMBA. NINA MIKONO TU. WATU MIA TATU WATAKUJA KWA TRENI. NATAKA KUZIBA YA MIA. BAADA YA HAPO NIPE HATA TAULO.

UKIMWANDIKIA SINA MPWA.

LOPER


Orange
Jumamosi, 27 Novemba 1880

Mjomba shikamoo,

Barua kwa Bwana Threlkeld nimeshaiandika. Iko juu ya rafu, nyuma ya chombo cha chumvi, ina stempu. Sijaituma. Mama mkwe kila akipika anaitazama kisha ananitazama. Yule yule aliyekuita mlevi sasa anasema, "Unangoja nini, mtoto? Mpaka asahau jina lako?"

Nangoja kwa sababu umesema Bwana Threlkeld akiambiwa nitakupoteza, na baba mkwe anasema nikinyamaza nitakupoteza. Siku hizi na mimi silali. Nafua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Jana, siku moja baada ya sikukuu ya Alhamisi ya Shukrani, mabaki ya bata mzinga yalikuwa mezani. Nilimwuliza baba mkwe, "Baba, wewe kwa nini hukuacha?" Akasema kofia alizotengeneza yeye zilikuwa zinasimama vichwani bila kushikwa, na bosi wake alimwita fundi bora wa mtaa. "Nilitaka aniite tena," akasema. Basi. Hayo ndiyo maelezo yake ya miaka kumi ya mwisho.

Nimemuuliza kama mtu anaweza kulazimishwa. Akasema hapana, ukimvuta anavuta upande wake. Akasema, ila aliwahi kumwona mmoja akitoka mwenyewe, alipogundua mwanawe naye ameanza.

Wewe huna mwana, Mjomba, una mimi, na mimi niko mbali na jiko. Kwa hiyo sijui nikuambie nini. Nakuambia tu kwamba barua iko juu ya rafu.

Keturah


Tansy Hill
Jumatano, 15 Desemba 1880

Bi Keturah Condit,

Nakuandikia bila idhini yake. Hasemi nami tangu alipogundua mabano. Alimpa mwenye duka la dawa barua yako amsomee, akasikia habari za meno na viatu, nami nikaaibika kijiji kizima.

Globu ziko tisini na mbili. Kwa haraka ya Desemba, Bwana Threlkeld ameagiza zebaki mara mbili, na mjomba wako, kwa ukarimu uliomjia ghafla, amempa Gottlob ile siri yake ya kukausha. Nadhani ilikuwa kumlipa fidia ya viatu. Sasa Gottlob amehamia chumba cha juu, na jikoni kwangu kuna vikaango viwili, na wanaume wawili wameketi magoti yameelekea jiko, wakitukanana.

"Ya kwako inanuka Ujerumani."

"Ya kwako inanuka uongo, Loper."

Nikifungua dirisha wanalifunga. Nikasema nitawafukuza wote wawili, wakasema subiri tarehe 21. Kila mtu hapa anasema subiri tarehe 21. Mimi napika na kulala kwa dada yangu ng'ambo ya barabara.

Huyo Gottlob ana mke na binti wawili wanaokuja kutoka Bremen mwezi wa tatu.

Wako,
H. Van Nest


Tansy Hill
Niliianza 22 Desemba

Mwanangu Keturah,

Barua hii imenichukua siku tatu. Naandika maneno machache, naondoka, nazunguka chumba, narudi. Mwenye duka la dawa alitaka kuniandikia, nikakataa.

Jumatatu Bi Van Nest alituletea supu ya chaza kutupa nguvu za kesho yake. Tuliketi, mimi na Gottlob. Mimi supu yangu huwa naipeleka chumbani, lakini siku hiyo aliniambia kwa ukali, "Keti mezani kama Mkristo," nikaketi, nikaacha kijiko chini nikingoja atazame pembeni. Ndipo nikasikia sauti. Kijiko kinagonga sahani, tik tik tik tik. Nikatazama mikono yangu. Imelala mapajani. Sauti ilikuwa ya Gottlob.

Akaona ninamwona. Akasema, "Baridi."

Jikoni mle, Keturah, mlikuwa na joto la kuokea mkate.

Nikamwambia, "Nyoosha mkono." Akasema, "Nyoosha wewe." Nikamwambia jino lako lipo? Akasema lilitoka Jumamosi, na kwamba halikuuma hata kidogo. Alisema hivyo kwa kujivuna! Nikajisikia mimi mwenyewe nikisema. Mtu yule nimemtania mwaka mzima na hajawahi kunifanya nicheke wala kulia. Siku hiyo nilitoka nikaenda mpaka darajani na kurudi mara nne.

Siri ile nilimpa mimi. Hakuiiba. Nilimwambia, funga madirisha vizuri.

Jumanne wageni walianza kuteremka saa tisa alasiri. Makoti ya manyoya, wake zao, waandishi wa magazeti, mtu mmoja amekuja na mbwa. Globu tisini na tisa zilikuwa tayari, kiwandani, njiani, mpaka kwenye miti. Ya mia iko kwenye mrija wangu, utupu umetimia, inangoja moto. Bwana Mkubwa akapanda juu ya sanduku, kwa kuwa viti hana, akasema, "Mabwana na mabibi, hii ndiyo ya mwisho, na huyu ndiye Loper, ambaye mikono yake haijatikisika tangu nimjue."

Wakanitazama. Watu mia tatu.

Keturah, mimi nimesema uongo mwingi maishani. Ile globu haikuganda darini. Ilivunjika. Kamba ya kiatu haikuwa wazo langu. Lakini ningeweza kusema mmoja tu zaidi pale: kwamba nina mafua, Gottlob aizibe. Wangepiga makofi. Gottlob alikuwa amesimama pembeni, mikono ameificha mfukoni, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeomba Mungu asiitwe.

Basi nikainyoosha. Yote miwili, mbele ya taa, vidole vimetawanyika, nikaiacha icheze. Sikuizuia. Ilikuwa inaruka kama kuku aliyekatwa. Mwanamke mmoja akasema "Mungu wangu." Mtu mmoja nyuma akacheka, akasema, "Umeme wa Jersey huo!" na wengi wakacheka naye.

Nikasema, "Si chupa. Ni zebaki. Ninaikaanga jikoni na kuivuta, na nimemfundisha mwenzangu, na yeye ameanza. Muulizeni mtengeneza kofia yeyote wa Orange."

Bwana Mkubwa akashuka kwenye sanduku. Kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama bila kutembea. Akaishika mikono yangu, akaipima kama anavyopima kitu chochote, kwa makini, akiigeuza. "Tangu lini?"

"Septemba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini, Bwana?"

Akafikiri. Hasemi uongo yule, hana muda. Akasema, "Ningekutoa nikamweka mwingine kwenye kikaango."

Akamtazama Gottlob, akamwambia, "Nawe toa mikono mfukoni." Kisha akaagiza madirisha yote yafunguliwe, Desemba, wake za watu wakaanza kupiga chafya na kudai makoti. Akaagiza kuanzia leo zebaki ikaushwe kibandani kule uwanjani, paa wazi, mtu asikae karibu. Globu ya mia hakuiziba mtu. Hewa ikarudi ndani. Waliwasha tisini na tisa.

Ziliwaka, mwanangu. Hilo siongezi chumvi wala sipunguzi. Theluji yote mpaka kwenye reli ikawa rangi ya siagi, na yule mbwa akakaa chini akanyamaza. Gazeti la leo limesema globu mia moja. Limesema pia kwamba mfanyakazi mmoja aliyelewa alileta kioja, halikumtaja jina.

Nilitaka kwenda kuvunja vioo vya ofisi yao kwa mawe. Kisha nikakumbuka kwa mikono hii ningevikosa.

Gottlob ameacha mrija jana. Bwana amempa kazi ya kufunga waya nje, ujira ule ule. Amekuja kuniaga, akaketi kitandani kwangu nusu saa, halafu akasema kwa Kiingereza chake kibovu kwamba globu zangu zilikuwa bora kuliko zake. Nikamwambia najua. Bi Van Nest ametupa vikaango vyote viwili kisimani, nikamwambia si kisimani, mama, akavitoa tena akinilaani.

Mimi Bwana alinitafutia kazi ya kuonyesha wageni, nisimame na kusimulia jinsi taa ilivyozaliwa. Kazi ya domo tupu. Unaweza kufikiri ingenifaa. Nimekataa.

Nakuja. Nitapanda treni ya Jumatatu, inafika Orange saa nane mchana. Nina mkoba mmoja, konda ameahidi kuushusha. Lakini ngazi za behewa ni tatu na ndefu, na sina imani na vidole vyangu kwenye chuma kile. Simama chini yake kabisa, Keturah. Nitakapokuambia tayari, nipokee.

Mjomba wako,
Phineas